Faini ya Elfu Tano Kabla ya Kupaa

Mimi ni mtoto wa Kiwalani. Kama hujawahi kufika kwetu, panda daladala inayoshika Barabara ya Nyerere kutoka mjini. Utatufikia kabla hujafika uwanja wa ndege. Ndege zinapita juu ya bati zetu kama zinataka kuondoka na nguo zilizoanikwa. Nilijifunza kunyamaza katikati ya sentensi kabla sijajifunza kusoma. Mama ananituma, "Kimbia dukani ukalete," ndege inapita, sote tunaganda, ikishapita ndipo anamalizia, "sabuni ya kipande na kiberiti." Hadi leo nikiwa kwenye simu nikasikia muungurumo mzito nanyamaza bila kujijua, hata kama ni lori la kokoto.

Utotoni tulizipungia mikono. Tulikimbia nazo mtaani mpaka zinatushinda, tukizipigia kelele zituletee pipi na viatu vya sikukuu. Kaka yangu alizitambua kwa mlio tu, akiwa ndani na tonge mkononi. "Hiyo pangaboi," anasema bila kuinua kichwa, na ukitoka nje unakuta kweli ni pangaboi.

Kwa mtu aliyekulia chini ya ndege namna hiyo, ungetarajia ndege ziwe kwake kama mashua kwa mtoto wa mvuvi. Mimi nilifikisha miaka thelathini na tisa sijapanda hata moja. Sababu ni moja: naziogopa. Leo naandika hivyo kirahisi. Miaka michache nyuma nisingeliandika hata kwenye karatasi ya kufungia vitumbua.

Woga wangu ulikuwa na adabu sana. Haukutokea hadharani ukatetemeka; ulivaa vizuri, ukaja na visingizio vya watu wazima. Kwenda Mwanza nilipanda basi, nikawa nasema napenda kuona nchi. Kweli nimeiona nchi, kilomita zaidi ya elfu moja, huku miguu imevimba mpaka viatu havivaliki. Msiba ukitokea Bukoba natuma rambirambi na maelezo marefu kuhusu watoto na shule. Treni ya SGR ilipoanza kwenda Dodoma mwaka 2024 sidhani kama kuna Mtanzania aliyefurahi kunizidi. Semina zote za Dodoma zilikuwa zimeniishia visingizio.

Na kuna la mwaka 2014, ambalo hata baba watoto hakulijua. Kazini walinikatia tiketi ya ndege kwenda Mwanza kwenye mafunzo ya siku tatu. Nilifika uwanjani. Nilifika hadi kwenye foleni ya ukaguzi, nikawaona watu wanavua mikanda na viatu, na nje kukapita mlio ule ule niliokua nao, isipokuwa safari hii ulikuwa unanihusu. Magoti yakalegea. Nikageuza begi langu, nikavuka barabara, nikapanda daladala kwenda kwa mama. Bosi nilimwambia tumbo la kuendesha. Nikakaa Kiwalani siku mbili nikinywa uji wa mgonjwa nisiouhitaji, na mama yangu masikini ananiamkia usiku kuniuliza kama nimepata nafuu. Tiketi ikapotea hivyo hivyo.

Halafu ikaja Jumapili ya tarehe 6 Novemba 2022. Kila mmoja wetu anakumbuka alikuwa wapi. Ndege iliyotoka Dar kwenda Bukoba ikaingia ziwani ikiwa imekaribia kabisa uwanja, ikiwa na watu 43. Kumi na tisa hawakutoka. Tuliangalia kwenye simu wananchi na wavuvi wakiivuta ndege kwa kamba kama wanavyovuta nyavu, mkia ukiwa juu ya maji. Nililia kama wengine walivyolia. Lakini ndani yangu kulikuwa na kisauti kingine, na nakiri ni cha aibu, kikiniambia: unaona? Ulikuwa sahihi. Watu wanazika, mimi moyoni napokea hati ya kuwa na haki.

Niseme mapema, basi, kwamba sitakuambia ndege hazianguki. Zinaanguka. Waliokuwa wakinituliza kwa kuniambia haziwezi kuanguka walinipotezea muda. Waliokuwa wakiniambia "siku yako ikifika imefika" ndio hata sitaki kuwasikia. Najua. Ila ikifika naomba inikute nimekaa chini.

*

Sisi tuna kikoba cha wanawake tisa. Tunakutana Jumamosi, tunaweka hisa, tunakopeshana, na mwezi wa kumi na mbili tunavunja, kila mtu anaondoka na chake na sufuria mpya. Mimi ndiye mhasibu. Nimekubaliana nao nisitaje majina, kwa hiyo humu utakutana na vyeo tu.

Mwaka jana mwenyekiti alisimama akasema, "Wanawake wenzangu, sisi tumewahi kupumzika lini?" Kimya. Mmoja akasema alipumzika alipojifungua kwa upasuaji. Tukacheka mpaka machozi, na kicheko kilipoisha hakuna aliyekuwa na jibu jingine. Hapo ndipo lilipozaliwa wazo la kutenga sehemu ya faida twende likizo. Unguja tumeshakwenda kwenye maharusi. Mtu akasema Mafia, kuna samaki anaitwa potwe, papa mkubwa kupita Hiace, haumi mtu, chakula chake ni vidudu vidogo vya baharini, na kuanzia Oktoba hadi Machi anakuja karibu kabisa na Kilindoni. Mikono tisa juu. Wangu ukiwemo.

Nikajifanya mhasibu. Nikasema kwa kubana matumizi twende kwa gari hadi Nyamisati kule Kibiti, pale tunapanda boti mpaka Kilindoni. Hesabu zangu zilikuwa nzuri, nilikuwa nimeziandika kwa kalamu ya bluu na nyekundu.

Katibu akasema yeye boti hapandi.

Katibu wetu asili yake Pemba. Meli ya Spice Islander ilipozama Septemba 2011 ikitoka Unguja kwenda Pemba, alipoteza watu wake. Alilisema hilo kwa sauti ya kawaida, akiwa anachambua mchele wa mtu. Hakuna aliyemcheka wala kumwambia siku ikifika imefika. Mwenyekiti akasema, "Basi ni ndege," na ikawa ndege. Mimi nikafunga daftari langu la rangi mbili.

Usiku ule sikulala, na kilichoniweka macho si ndege peke yake. Nilikuwa nawaza tofauti yangu na katibu. Woga wake una makaburi. Mtu akiuliza, anajibiwa kwa mwaka na jina la meli, na muulizaji anainamisha kichwa. Wangu hauna hata maiti moja. Sijafiwa na mtu kwenye ndege, sijawahi hata kuwa ndani ya ndege. Nilijiona kama mtu anayekwenda kuomba rambirambi mahali ambapo hakuna aliyekufa. Ndiyo maana miaka yote ile nilijaza visingizio: nilidhani woga usio na msiba hauna haki ya kutajwa mbele za watu.

*

Wiki sita kabla ya safari nilikwenda kwa jirani yetu wa Kiwalani, mzee aliyestaafu ufundi wa ndege. Nimemfahamu tangu niko chekechea. Shikamoo baba, marahaba mwanangu, kahawa na kashata zikaja, nikamweleza nina safari na nina wasiwasi kidogo. Kidogo! Akauliza naenda wapi. Na hapa ndipo ulimi wangu uliozoea uongo ulipofanya kazi yake wenyewe: nikasema Mwanza, kikazi. Nilimdanganya mtu pekee niliyemwendea anisaidie. Nadhani nilitaka safari yangu ionekane ya lazima. Kutetemeka kwa ajili ya likizo kulionekana kitu cha kuchekesha.

Mzee alinifundisha jioni tatu. Hana ubao. Alianza na mkono. Ukiwa kwenye daladala iendayo kasi, akasema, toa kiganja nje ya dirisha kikiwa kimelala, kisha kiinue mbele kidogo. (Konda atakufokea, lakini fanya.) Upepo unakisukuma juu. Ukizidisha kasi, unakisukuma zaidi. Bawa ni kiganja hicho. Kazi ya injini ni kukimbiza tu. Anayebeba ni hewa.

"Na injini ikizima?" Swali langu la miaka yote.

Akaninyooshea kidole juu. Kulikuwa na mwewe anazunguka juu ya Vingunguti, mabawa yametulia kabisa. "Yule amezima saa ngapi?" Ndege ikikosa injini, akasema, haidondoki kama nazi. Inashuka kwa mteremko, inakwenda mbele huku inapungua kimo, na rubani amefundishwa kuichagulia pa kutua. Akanipa kisa cha Kanada, Julai 1983: Boeing 767 iliishiwa mafuta ikiwa futi 41,000, kwa sababu waliojaza walikosea hesabu kati ya ratili na kilo. Ikaelea kimya mpaka kwenye kiwanja cha zamani cha jeshi la anga cha Gimli, ikatua, na watu wote 69 wakatoka hai. Kama mhasibu, kosa lile la vipimo lilinikaa kichwani kuliko hata muujiza wenyewe.

Alinieleza pia kitu nilichokiona tangu utotoni bila kukielewa. Kuna miezi ndege zinapita Kiwalani zikiwa zinapanda, na miezi mingine zikiwa zinashuka. Ndege hupaa na kutua ikiukabili upepo, akasema, kwa hiyo kaskazi ikivuma zinapaa kuja kwetu, na kusi ikishika zinageuza. Miaka thelathini na tisa naishi na upepo ule juu ya kichwa changu, nimeambiwa maana yake nikinywa kahawa.

Lakini somo kuu lilikuwa la milio. Mzee alijua kwamba mtoto wa Kiwalani ataogopa kwa masikio. Akanipangia moja baada ya nyingine. Baada ya kupaa, mlio wa injini utapungua ghafla. Usidhani imekufa, rubani amepunguza nguvu kwa sababu ya kupandia ameshaitumia. Kabla ya hapo utasikia kishindo chini ya miguu, ngriii, tu! Hizo ni tairi zinaingia tumboni. "Ukisikia hiyo tu, jua mambo yanakwenda sawa." Nikaliandika kwenye daftari. Likawa tegemeo langu. Usiku nikiwa kitandani nauigiza ule mlio kimoyomoyo, tu!, na pumzi zinashuka.

Mwili nao ulipewa mwalimu wake. Mwanakikoba mwenzetu mmoja ni nesi, nikamuuliza kana kwamba namuulizia mdogo wangu. Sidhani kama alidanganyika. Alisema wasiwasi ukipanda mpaka kileleni, mara nyingi unafika huko ndani ya dakika chache kisha unaanza kushuka wenyewe, kwa sababu mwili hauna akiba ya kuushikilia pale. Kosa la watu wengi ni kukimbia ukiwa kileleni, wakaondoka na imani kwamba kukimbia ndiko kulikowaokoa. Nikakumbuka foleni ya 2014 na uji wa mama. Akanifundisha kutoa pumzi kwa urefu kuliko ninavyoivuta, "kama unapoza chai kwenye kisosi." Kidonge cha usingizi alikikataa kabla sijamaliza kukiuliza.

Nikawa Jumapili napeleka watoto karibu na uwanja kuangalia ndege. Mara ya kwanza nilibaki mbali, nikajifanya natafuta muuza mahindi. Mara ya tatu tuliingia kwenye jengo la tatu kumpokea shangazi wa baba watoto aliyetoka Muscat, lile jengo jipya lililoanza kazi 2019, nikasimama pale wanapotokea wasafiri. Niliwaangalia nyuso. Walikuwa wamechoka, wamekasirika na mabegi, mmoja anagombana na mkewe kuhusu nani alisahau chaja. Hakuna hata mmoja aliyetoka na uso wa mtu aliyenusurika. Hilo lilinisaidia kuliko maelezo mengi.

*

Siku ya safari, wiki ya pili ya Disemba, tulitakiwa kufika mapema kwenye jengo la zamani, lile la kwanza. Hapo ningeshtuka, lakini sikuwa najua kitu. Tiketi zilisema begi lisizidi kilo 15 na liwe laini. Pale kaunta kulikuwa na mizani, nikadhani ni ya mabegi. Kijana akasema kwa heshima zote, "Mama zangu, na nyie mtapanda."

Vurugu iliyotokea hapo siwezi kuieleza ipasavyo. Wanawake tisa wanaoaminiana kwa mamilioni ya shilingi, hakuna aliyetaka mwenzake asome namba yake. Mwenyekiti aliweka mkoba chini, akavua viatu, akavua na bangili. Kijana alivumilia. Akaeleza kwamba ni ndege ndogo, lazima wajue nani akae wapi ili uzito ulingane.

Ndege ndogo.

Nikatazama kupitia kioo. Pale nje ilikuwepo, nyeupe, imekaa kwa tairi tatu kama bajaji, bawa limepita juu ya paa, na puani pangaboi moja. Moja. Nikamuuliza kijana ina injini ngapi, nikitumaini nyingine imefichwa. "Moja, mama, lakini nzuri sana."

Mafunzo yangu ya jioni tatu yalikuwa ya ndege ya Mwanza. Daftari zima halikuwa na faida. Nilitoka pembeni nikampigia mzee.

"Shikamoo baba. Baba, siendi Mwanza. Nakwenda Mafia. Kutembea."

Kimya kidogo, halafu kicheko cha mtu mwenye kifua cha tumbaku. "Sasa mwanangu, Mwanza ilitoka wapi?" Sikuwa na jibu. Akaniuliza ndege ikoje, nikamweleza. "Aa, hiyo Caravan. Sikia: hiyo tairi zake hazikunji. Usisubiri ule mlio. Nimekwambia? Usiusubiri." Kisha akaongeza kwamba ndogo hiyo hutua mwendo wake ukiwa mdogo, na eneo inalohitaji ni dogo, kwa hiyo hata ikilazimika, ina mahali pengi pa kuchagua kuliko lile dubwana la Mwanza. Akanitakia safari njema na kunitaka nimletee pweza mkavu.

Nilirudi kwenye viti nikakuta wenzangu bado wanabishana kuhusu kilo. Sijui ni nini kilinisukuma. Labda ni kwa sababu nilikuwa nimeshaharibu uongo mmoja asubuhi ile na wa pili ulikuwa umelegea. Nikasema kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia kwamba mimi naogopa ndege. Kwamba sijawahi kupanda. Kwamba 2014 nilikimbia kutoka uwanja huu huu nikasema nina tumbo. Na kwamba ile hesabu ya Nyamisati haikuwa ya kubana matumizi.

Nilitegemea huruma, au kicheko. Mwenyekiti alinitazama juu ya miwani. "Kwa hiyo mhasibu ulileta mezani hesabu yenye nia iliyofichwa?"

"Ndiyo."

"Katiba inasemaje kuhusu kudanganya kikao?"

Katibu, yule asiyepanda boti, ndiye aliyejibu: "Faini. Elfu tano."

Nikatoa elfu tano. Na kwa kuwa mhasibu ni mimi, nikatoa daftari nikaiandika mwenyewe, tarehe, jina, sababu. Kwenye sababu niliandika neno moja: woga. Katibu akasaini. Alipomaliza kusaini hakuirudisha kalamu. Alishika mkono wangu na kalamu ndani yake, na hatukuongea tena mpaka tulipoitwa.

*

Tulisimama nje kando ya ndege tukisubiri imalize kujazwa mafuta. Rubani alikuwa kijana wa rika la mdogo wangu wa mwisho, amevaa sweta kwenye joto la Dar la Disemba. Alikuwa anaizunguka ndege yake. Alishika kila kitu kinachoshikika, akachezesha vibawa vya nyuma, akapitisha kiganja kwenye panga kama mtu anayetafuta ufa kwenye sahani. Halafu akainama chini ya bawa na kikombe kidogo cha plastiki, akakinga mafuta kidogo, akakiinua kwenye mwanga akakitazama.

Nilimjua mtu yule. Hivyo ndivyo mama yangu alivyokuwa akiinua chupa ya mafuta ya taa kwenye jua kila aliponituma dukani, kuona kama muuzaji ameyachanganya na maji. Alikuwa hamwamini muuzaji yeyote, hata yule waliyesali safu moja.

Miaka yote nilidhani katika uwanja mzima mimi peke yangu ndiye nisiyeiamini ndege, na wengine wote, marubani wakiwa mbele, wanaiamini. Kumbe huyu kijana haiamini hata kidogo. Analipwa kutoiamini. Alimwaga kikombe, akaenda bawa la pili, akakinga tena. Sikutulia, lakini nilipata mwenzangu.

Nilikalishwa nyuma yake kabisa. Pembeni yangu alikaa mzee wa Kilindoni aliyekuwa anatoka kutibiwa macho, na mfuko wa dawa mapajani. Akaniomba, "Nishikie, mwanangu, nisije nikaziangusha," akafunga mkanda kama mtu anayefunga kilemba, na kabla panga halijaanza kuzunguka alikuwa amelala.

Nikasoma dua ya safari. Subhanalladhi sakhkhara lana hadha wa ma kunna lahu muqrinin. Nimeisoma tangu madrasa, kwenye mabasi, kwenye treni, kwenye bodaboda (nisiyovalia kofia, na baba watoto alishanikumbusha hilo mara nyingi). Asubuhi ile ndiyo mara ya kwanza niliisikia inachosema: ametakasika aliyetutiishia hiki, na sisi wenyewe tusingekiweza. Tusingekiweza. Dua yenyewe inakiri. Nikairudia kipande hicho cha mwisho mara kadhaa.

Kisha kelele, mtetemo, vyuma vyote vinaongea, ardhi inakimbia, halafu haikimbii tena.

Nikausubiri mlio. Nilijua haupo, nilikuwa nimeambiwa mara mbili, na bado niliusubiri. Haukuja. Badala yake mlio wa injini ukapungua ghafla, na mwili wangu wote ukapanda juu ukaacha nafsi kwenye kiti. Mikono ikafa ganzi, masikio yakawa kama yamejaa pamba, nikaubana mfuko wa dawa za mzee wa watu kifuani. Nikamtazama rubani. Alikuwa anaandika. Ameshika kikaratasi kwenye goti, anaandika namba kwa kalamu ya kubonyeza, kama konda anayehesabu mzunguko wake. Nikatoa pumzi kwenye kisosi. Nikatoa tena. Ndege ilipofika ukingo wa bahari ikagutuka mara mbili. Mzee wa Kiwalani alishanieleza kwamba nchi kavu ikipata jua hewa yake inapanda, na juu ya maji hutulia. Sikumwamini pale pale. Nilimwamini dakika mbili baadaye, ilipotulia.

Nesi alisema kweli. Ulipanda, ukakaa kileleni muda ambao kwangu ulikuwa kama mwezi wa Ramadhani, kisha ukaanza kushuka bila mimi kufanya ushujaa wowote. Nilichoka tu kuogopa. Na mtu akichoka anatazama dirishani.

Upande wa kulia ilikuwepo delta ya Rufiji. Nimeisoma shuleni: mto unagawanyika kabla ya kuingia baharini, mikoko mingi kuliko mahali popote Afrika Mashariki. Shuleni hawakusema kwamba ukiwa juu inafanana na mkono wa bibi, mishipa yote imetokeza, na kwamba maji ya mto hayachanganyiki na bahari papo hapo. Yanaingia ya kahawia, yanasogea mbali kabisa yakiwa ya kahawia, na mstari kati yake na bluu unaonekana kama umepigwa kwa rula. Nikamgeukia katibu kiti cha nyuma kumwonyesha. Alikuwa ameshabandika paji la uso kwenye kioo, machozi yanamtoka, na sikumuuliza ni ya nini. Kule chini ilikuwa bahari, na yeye alikuwa juu yake.

Mzee wa Kilindoni aliamka tairi zilipogusa lami, akachukua mfuko wake, akaukagua. "Mbona umekunjika hivi?" Nikamwomba radhi.

Uwanja wa Mafia uko hapo hapo mjini. Unatoka na begi lako unatembea. Potwe tulimwona siku ya pili na ana madoa kweli kama alivyosifiwa, lakini hayo nitayaandika siku nyingine. Nilichofanya kwanza, nikiwa bado kwenye lami na miguu inajifunza upya kusimama, ni kumpigia mama. Nilikuwa nimemwambia saa ya kuondoka.

Akapokea kabla haijaita mara ya pili. "Nimekuona!" Alikuwa anapiga kelele kama simu haifiki. "Nimetoka nje na kanga yangu, nimekupungia mpaka mkono ukaniuma. Watoto wote wa mtaa wamekupungia. Mlikuwa chini chini kabisa. Mashallah mwanangu, lindege likubwa hilo, injini nne!"

Kandege ketu kalikuwa kamekata kona kulia mapema kuelekea kusini. Hakakufika Kiwalani kabisa.

"Umeniona kweli?" nikamuuliza.

"Dirisha la katikati. Ulivaa nyekundu."

Nilivaa kijani. Nikamwambia ndiyo, mama, nami nimekuona.